Mlio wa Fensi ya Marungu

Gitaa langu nililinunua nikiwa na miaka arobaini na saba, umri ambao wanaume wenzangu wa Voi hununua pikipiki au huoa tena. Silipigi mbele za watu. Nalichomeka kwenye kisanduku cha dijitali kinachoiga sauti ya amplifaya, navaa hedifoni, na makosa yangu yote yanaishia masikioni mwangu.

Kwa hiyo dada yangu aliponiomba nipige wimbo mmoja kwenye ibada ya kumkumbuka mumewe, mwaka mmoja tangu afariki, nilimwambia nitaurekodi.

"Utasikika vizuri zaidi kwenye spika," nilisema.

"Sema unaogopa, Profesa," alinijibu. Mimi si profesa. Nina digrii mbili tu, na kwake hilo ni kama ugonjwa.

Alhamisi nilipanda kijijini Marungu nikarekodie kwake, kwa kuwa nyumba yangu iko kando ya barabara ya malori. Mahindi yake yalikuwa yamekauka shambani. Alikuwa ameyaacha makusudi: jamaa wangefika Ijumaa kuvuna, Jumamosi tungeomba, na mavuno hayo yangemlisha yeye mpaka mvua nyingine. Mkono mmoja peke yake hauwezi shamba lile, na mkono wa pili ndio tuliokuwa tunauombea.

Nilipovaa hedifoni nilisikia mvumo mzito. Nikishika nyuzi unapungua, nikiachia unarudi. Nikachomoa kisanduku kwenye soketi, nikakiwasha kwa pawabanki, mvumo ukaisha. Nilijipongeza. Ndipo nikasikia kilichokuwa chini yake: tik, tik, tik, kila baada ya sekunde moja hivi.

Nilibadilisha kebo. Nilizima simu. Nilipunguza nguvu ya sauti. Niliwasha kile kichujio cha kufunga kelele, nacho kikafanya kazi yake nikiwa nimenyamaza tu. Nikipiga noti, kinafunguka na tiki inaingia pamoja nayo.

"Bado unalitibu hilo gitaa?" dada aliuliza mlangoni. Alikuwa amevaa kwenda kwenye kikao cha kina mama kanisani.

Nilimfuata nje, na hapo nikaiona mashine ya fensi ya umeme, ile inayozuia ndovu. Taa yake ndogo ilikuwa inapepesa kwa mwendo ule ule.

"Naizima dakika kumi," nilimwambia.

"Dakika kumi. Jua likishuka wanakuja, na hawabishi hodi."

"Nimekusikia."

Niliizima, nikapiga wimbo mara kumi na moja. Ya mwisho ilikuwa safi. Kati ya noti na noti hapakuwa na kitu kabisa. Nilifurahi kama mtoto. Nikafunga mizigo, nikaita bodaboda, nikateremka Voi kumpelekea mtu wa kukodisha spika za ibada ule wimbo kabla hajafunga duka.

Dada aliporudi hakuiangalia mashine. Mimi nilikuwa nimeahidi.

Asubuhi alinipigia. "Profesa, uliwasha?"

Nilianza kutafuta viatu nikiwa bado na simu sikioni.

Nilifika pamoja na jamaa waliokuja kuvuna, mifuko mitupu mabegani. Mabua yalikuwa yamelala chini, mengine yameng'olewa pamoja na mizizi, na nyayo zilikuwa pana kama karai. Tuliokota magunzi yaliyobakiwa na punje, hadi saa nne. Kazi iliyopangiwa siku nzima.

Dada alisimama karibu yangu. "Angalau wimbo ulitoka safi?"

"Ulitoka."

"Haya."

Jumamosi ulipigwa kanisani. Watu waliusifu, wakaniuliza kifaa nilichotumia. Niliwaeleza kwa kirefu kuliko ilivyohitajika.

Mvua iliyofuata dada hakulima. Nilimpelekea unga na mbegu. Unga aliupika, mbegu bado ziko kwenye mfuko wake, juu ya kabati. Anasema atalima akipata nguvu.

Mwezi uliopita nilikwenda kumwona, nikachomeka gitaa sebuleni, nikavaa hedifoni. Sikusikia tiki hata moja. Mashine imezimwa, maana hakuna cha kulinda.