Kijiji Ambacho Muriel Alikataa Kilipuliwe

Muriel Entwistle alikuwa mwanamke wa hasira, nami sitaipunguza makali hasira hiyo kwa sababu tu watu hupenda marehemu wawe wapole. Alifanya kazi katika kiwanda cha pamba cha Thornshaw, kaskazini mwa Uingereza, akiunga nyuzi zilizokatika, na vidole vyake vilizoea vitu vidogo. Jioni alikuwa katika ukumbi wa kanisa, ambako mumewe, Len, na wanaume wenzake wa klabu ya treni za mfano walikuwa wamejenga reli ya mezani iliyouzunguka ukumbi mzima.

Wanaume walitandika reli na kuunganisha nyaya. Kila kilichokuwa kando ya reli kilitoka mikononi mwa Muriel: nyumba za kadibodi zilizochorwa jiwe moja moja, kanisa, bomba la moshi la kiwanda, shuka zilizoanikwa uani, vilima vya plasta vyenye rangi ya nyasi za Novemba. Aliomba uanachama zaidi ya mara moja. Mwenyekiti, Clifford Ashworth, alimjibu kwa tabasamu kwamba klabu ni ya wanaume, kwamba wake zao wanakaribishwa kuandaa chai, na kwamba pai zake za nyama hazina mpinzani. Len alitazama viatu vyake.

Mwaka 1971 ikaja kampuni moja ya televisheni. Siku zile tajiri mwovu wa tamthilia za upelelezi hakukosa chumba cha treni za mfano, akiziendesha huku akipanga mauaji. Ashworth alikubali kuiazimisha kampuni hiyo reli ya klabu, na Muriel, kwa furaha, akaanza kupaka upya mapaa yaliyofifia.

Furaha hiyo iliisha mtayarishaji alipokuja kukagua. Kijana huyo, ambaye hakuvua skafu hata ndani ya ukumbi, alieleza kwamba tajiri, akishazingirwa na polisi, angelipua treni zake za mfano mwenyewe. Injini na reli zingeondolewa mapema. Kingelipuliwa kijiji tu. Muriel akaweka birika chini, akingoja mwenyekiti akatae. Ashworth akauliza iwapo moshi ungelificha jina la klabu.

Kamati ilipiga kura papo hapo, mikono ikinyooshwa juu ya sahani za pai. Len naye alinyoosha, nusu nusu, kama mtu anayejikuna sikio, lakini alinyoosha.

"Shemeji, usinune," Ashworth alisema. "Utajenga kingine. Wewe muda unao."

"Mimi sijapiga kura."

"Utapigaje? Wewe si mwanachama."

Klabu ilikuwa na kanuni ambayo kila mwanachama aliikubali siku ya kuingia: chochote atakachoijengea reli ni mali ya klabu, hata akiondoka, hata akifa. Kwa kanuni hiyo Ashworth alikuwa amemnyima mjane mmoja injini ya mfano ya marehemu mumewe, akiwa amesimama mlangoni pa mjane huyo na kofia kichwani. Muriel ndiye aliyemshika mjane yule mkono.

"Rudia, Clifford, wote wasikie. Mimi ni mwanachama?"

"Nimeshasema. Hapana."

"Basi kanuni yenu hainihusu. Hizi nyumba ni zangu."

Mtu mmoja nyuma alicheka, kisha akakigeuza kicheko kuwa kikohozi. Ashworth alimwambia Len ampeleke mkewe nyumbani akapumzike.

"Mu, twende," Len alisema. "Unatuaibisha."

"Mkono umeshanyoosha. Sasa ushushe, ubebe kanisa."

Alichukua kisu cha jikoni na kuanza kukata. Hakukata kwa upole. Plasta ilipasuka, uzio ukavunjika, na kilima alichokipaka rangi majira yote ya baridi kikagawanyika. Mtayarishaji aliuliza kama angeweza kuleta kamera. Len akabeba kanisa.

Kipindi kiliporushwa, kililipuka kijiji cha maboksi ya sabuni ya unga yaliyopakwa rangi ya kijivu. Maandishi yalionekana chini ya rangi. Thornshaw nzima ilicheka, na wiki ile ile Ashworth alibisha hodi kwa Muriel, kofia mkononi. Kamati, alisema, iko tayari kumpokea kama mwanachama kamili.

Muriel alielewa mara moja kitakachotokea akikubali: kanuni ile ingemhusu.

"Mnanitaka mimi, au mnataka nyumba?"

Ashworth alisema vyote vinakwenda pamoja.

"Basi baki na chai yako, uipike mwenyewe," alimwambia, akafunga mlango.

Kijiji kilikaa sebuleni kwake hadi alipofariki, bila reli. Len alikifuta vumbi kila Jumapili, bila kuambiwa. Hakusamehewa.