Kofia ya Baba Sylvain

Lydie alikuwa msichana mwema, ila alikuwa na ugonjwa mmoja: alikuwa mwepesi mno kujua nani kakosea. Kikombe kikivunjika jikoni, yeye tayari ana jina mdomoni. Na jina hilo, sijui kwa bahati gani, halikuwa lake hata siku moja.

Mwaka huo alikuwa mwaka wa tatu kwenye chuo cha sanaa hapa Lubumbashi. Mwalimu wao, Paulin, aliwagawa wanafunzi watatu-watatu, akaagiza kila kundi litengeneze filamu ya dakika tatu, vitu visivyo na uhai vitembee kama vina uhai, na ndani yake vichanganywe vifaa vya kila namna: michoro, vitambaa, picha za zamani, chochote. Hiyo filamu ndiyo mtihani. Ikikataliwa, wote watatu wanarudia mwaka.

"Na nikiona kintu inaruka-ruka bila sababu," Paulin aliwaonya, "musinipigie hata bonjour."

Kundi la Lydie lilikuwa na Hénoc, kijana wa mtaa wa Kenya hapa hapa mjini, ambaye mjomba wake ana karakana ya kufunga upya waya za mota zilizoungua. Huko ndiko ulikotoka waya wa shaba uliogeuka mifupa ya mwanasesere wao. Wa tatu alikuwa Kavugho, binti wa Kinande mwenye maneno machache na mikono ya dhahabu. Wazazi wake walihamia kutoka Butembo, wanauza maziwa ya unga kwa jumla. Makatoni ya maziwa yakawa mabehewa ya gari-moshi.

Lydie yeye alileta hadithi. Babu yake, Floribert, ambaye nyumbani aliitwa Baba Sylvain kwa jina la mtoto wake wa kwanza, alikuwa mfanyakazi wa reli, anakwenda na treni hadi Kalemie na kurudi. Lydie hakuwahi kumwona. Alimjua kwa picha moja tu: mwanaume mrefu kando ya behewa, koti lake limefungwa vifungo vyote, kofia ya kazi kichwani. Walitoa nakala ya picha hiyo, wakakata uso, wakaubandika kwenye waya. Koti wakalishona kwa kipande cha koti lake halisi, lililokuwa kwenye sanduku miaka yote. Kavugho akashona na kofia, ndogo kama kifuniko cha chupa. Nyuma yake Hénoc alichora anga kwa makaa, anafuta, anachora tena, moshi unapanda.

Studio ilikuwa sebule ya Kambo Brigitte, yaani nyanya yake Lydie, mjane wa huyo Floribert. Lydie aliishi kwake, mtaa wa Bel-Air. Dirisha walilifunika kwa plastiki nyeusi, wakaweka taa ya kuchaji ili umeme ukiondoka wasijali. Simu waliifunga kwenye kigoda isitikisike. Kisha kazi ya kuchosha akili: unasogeza mkono wa mwanasesere upana wa ukucha, unapiga picha, unasogeza tena, unapiga tena. Sekunde moja inameza picha kumi na mbili. Filamu nzima zaidi ya elfu mbili.

Asubuhi Lydie alikwenda chuoni, mchana wote watatu wakakutana mezani. Siku ishirini walimpiga picha huyo mzee wa waya akiwa nyumbani: anakunywa chai, anang'arisha viatu, anapiga miayo. Siku ya ishirini na moja walipiga picha za mwisho, mzee anapanda treni na kwenda. Wakapongezana, Hénoc akacheza kidogo.

Jumatatu, zikiwa zimebaki siku tano, Hénoc aliunganisha picha zote kwenye kompyuta. Wakakaa kutazama.

Mzee alikunywa chai vizuri. Lakini kofia! Kwa kuwa ilikuwa imelegea, kila walipomgusa mzee kichwa iliteleza unywele mmoja, wao wasione, mpaka ikafika sikioni. Halafu ghafla, paap, imesimama wima. Ikateleza tena. Paap. Mzee alionekana kama mtu anayesinzia kanisani na kushtuka. Hénoc alihesabu: mara kumi na tisa. Kila siku mpya ilipoanza, kofia ilikuwa imenyooshwa.

Hapo ugonjwa wa Lydie ukapanda.

"Kavugho, ni wewe. Njo we unafikaka wa kwanza kila siku."

"Mi? Sikugusa, Lydie."

"Basi ilijitengeneza yenyewe?"

"Nimesema sikugusa."

"Kofia ulishona we, unaona aibu ikiinama, unainyoosha bila kuambia bantu. Sasa tutarudia mwaka juu yako!"

Kavugho alikusanya mkasi wake, sindano zake na uzi wake, akaviweka kwenye mfuko mmoja baada ya kingine, akamuaga Kambo kwa heshima, akaenda. Hénoc alimwangalia Lydie kwa jicho ambalo lilisema mengi, naye akaondoka.

Kesho yake hakukuwa na masomo. Lydie alikuwa jikoni anachemsha maji, moyo mzito, bado anajipa haki, aliposikia Kambo anaongea sebuleni. Mgeni gani saa hizi? Akachungulia.

Kambo Brigitte alikuwa ameinama juu ya meza, ufagio kwapani. Kwa vidole viwili aliinua kofia kutoka sikioni mwa mwanasesere, akaiweka sawa, akarudi nyuma hatua moja kutazama.

"Baba Sylvain, utatoka vile? Bantu batasema hauna muke."

"Kambo!"

Ufagio ukaanguka.

"Kumbe ni weye! Kila asubui?"

"Kofia iko inaanguka ku sikio," Kambo alisema, bila hata chembe ya toba. "Mi niiache?"

Kisha akakaa, na yale ambayo Lydie hakuwahi kuambiwa yakatoka. Miaka thelathini na moja, kila mumewe alipokwenda kazini, Kambo alisimama naye mlangoni akamnyooshea kofia. Mzee hakutoka bila kunyooshewa. Isipokuwa siku moja. Walikuwa wamegombana juu ya beseni la samaki wa Kasenga, ambalo mzee alimpa dada yake lote bila kuuliza. Kambo akanuna, akabaki jikoni.

"Alisimama pale ku mulango," alisema. "Nilimusikia. Alingoja, alingoja. Sikutoka."

Safari hiyo mzee aliugua huko Kalemie na huko huko akazikwa.

Lydie aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Alimkumbatia Kambo, akavaa viatu, akaenda moja kwa moja dukani kwa akina Kavugho. Wateja walikuwa wamejaa. Ingekuwa rahisi kumvuta pembeni, lakini alimkosea mbele ya mtu, akaona amuombe radhi mbele ya watu. Akasema yote, kwa sauti, wanunuzi wa maziwa wakisikiliza kana kwamba wamelipia kiingilio.

Kavugho aliendelea kupanga makopo.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Basi beba ile katoni. Behewa ya nyuma imeanza kupasuka."

Lydie aliibeba kichwani mpaka Bel-Air, na hakuwahi kubeba mzigo kwa furaha namna ile.

Kupiga upya siku ishirini kwa siku nne ilikuwa ndoto. Hénoc alitaka angalau kofia ibandikwe gundi, isiendelee kuwaaibisha.

"Kofia ya bwana haibandikwe na kole," Kambo alikata shauri. "Ile ni kazi ya muke yake."

Kavugho akainua uso. "Kama ni mukono njo inafanya," alisema polepole, "tuonyeshe mukono."

Ikawa hivyo. Kila mahali kofia iliporuka, wangeweka picha kumi za mkono wa Kambo unaingia, vidole viwili, unaiweka sawa, unatoka. Kambo alivaa pete na kitenge chake cha misa, ingawa walimwambia mara tatu kwamba utaonekana mkono tu. Alitakiwa kuusogeza kidogo, asubiri, kidogo, asubiri. Aliwagombeza, akaomba chai, akawaambia treni ya Kalemie ilikwenda mbio kuliko wao. Ijumaa mchana mara zote kumi na tisa zilikuwa tayari.

Walianza kukunja plastiki. Kambo hakuinuka kitini.

"Na ya mwisho? Pale anapanda treni?"

"Ile haina kosa, Kambo," Lydie alisema. "Tulipiga siku moja tu. Kofia haikuruka."

"Najua haikuruka. Njo maana nalomba muniweke."

Walimrudisha mzee kwenye ngazi ya behewa, Hénoc akawasha taa. Safari hii mkono wa Kambo ulitetemeka, picha tatu zikatoka na ukungu. Hénoc alitaka kuzifuta. Lydie, bingwa wa makosa ya watu, akasema ziachwe.

Jumamosi ukumbi wa chuo ulijaa. Kofia ilipoteleza mara ya kwanza, watu walicheka; mkono ulipoingia kuiweka sawa, walicheka zaidi. Kufikia mara ya kumi walikuwa wanausubiri mkono huo. Kisha mzee akafika kwenye ngazi ya treni, akasimama. Hakuna aliyecheka. Mkono ukaja, unatetemeka, ukakaa juu ya kofia muda mrefu kuliko mara zote.

"Sasa enda, Baba Sylvain," Kambo alisema kutoka safu ya pili, kwa sauti yake ya nyumbani. "Enda muzuri."

Makatoni ya maziwa yakaondoka ndani ya moshi wa makaa.

Paulin aliwasha taa, akapangusa miwani yake, akasema wamepita. Hénoc aliruka, Kavugho akamshika Lydie bega. Lydie alisikia nusu tu. Alikuwa anamtazama Kambo, ambaye mkono wake wa kulia ulikuwa bado uko hewani mbele yake, vidole viwili vimeachana, na sasa anaushusha taratibu mapajani.