Jina la Upande wa Pili

Jacktone Wanjala hamwamini mtu. Miaka yote ya kubadilisha pesa mpakani Busia ameegemeza stuli yake ukutani, mtu asije akasimama nyuma yake. Ukimpa noti ataisugua, ataitazama kwenye jua, kisha atakutazama wewe. Mkewe hulalamika kwamba hata chai ya nyumbani huinusa kabla ya kunywa. Wala halaumiki, kwa wajanja aliowaona pale.

Basi Arnold alipotoka Tororo na viatu vipya na tabasamu pana, Jacktone alishika mkoba wake kwanza, ndipo akaitikia salamu. Arnold ni mtoto wa mama yake mdogo, Awor, na kazi yake ni kupitisha mizigo ya watu forodhani.

"Ndugu yangu, iko kazi. Iko kampuni moja nataka akaunti. Ya benki, na laini ya kupokea pesa. Huku moja, kwetu moja."

"Kampuni ya nani?"

"Ya watu kubwa. Imeandikishwa kisiwani, mbali sana, katikati ya bahari."

"Na benki za huko kisiwani je?"

"Zimekataa. Hizo benki nasema nataka kuona mwenye kampuni."

"Na mwenyewe ni nani?"

Arnold alijikuna shingo. "Ni kampuni ingine."

"Na hiyo ingine?"

"Jacktone, wewe nauliza sana! Wewe toa kitambulisho, weka sahihi, kila mwezi nakula tu."

Jacktone alicheka kwa pua. "Bro, siku wenye kuuliza wakija, watakuja hapa kwa stuli yangu, si kisiwani. Kitambulisho changu hakitoki mfukoni."

Arnold hakubishana. Aliaga vizuri, akaenda zake, na hilo ndilo lililomkera Jacktone jioni nzima. Tangu lini Arnold akakubali kushindwa upesi hivyo? Alipapasa mfuko. Kitambulisho kipo. Akapapasa tena. Kipo.

Ambacho hakikuwapo ni kile cha pili. Kama wengine wengi wa mpakani, Jacktone alikuwa watu wawili: Wanjala huku Kenya, na Erisa kule Uganda, alikojiandikisha kama mtoto wa boma la Awor ili apate laini ya simu ya huko. Mbadilishaji asiye na laini ya Uganda hana kazi, ana stuli tu. Na kwa kuwa kukutwa na vitambulisho viwili ni kesi, kile cha Uganda alikiweka kwa Awor, ndani ya Biblia yake. Hapo ndipo mahali pekee duniani alipopaamini.

Mwezi haukuisha, laini ya Uganda ikafungwa. Wachuuzi wa samaki wa Majanji, ziwani upande wa Uganda, walikuwa wamesimama mbele yake wakingoja kutumiwa pesa, naye anabonyeza simu kama mwendawazimu. Aliiacha stuli, akakimbilia Tororo.

"Mama, kitambulisho changu kiko wapi?"

"Si wewe natuma Arnold?" Awor alisema. "Anasema wewe nataka haraka. Alisharudisha." Akafungua Biblia, nacho kikawamo, kimelala palepale.

Jacktone akamtazama usoni vile anavyotazama noti. Kisha akaona haya hata akashindwa kuketi. Simu ya Arnold haikupatikana.

Wenye laini walimwelekeza benki ya hapo Tororo, na huko msichana mmoja mpole, Joanita, alimgeuzia kompyuta. "Laini yako na akaunti ya kampuni ziko kwa jina moja, na pesa za kampuni hiyo zinachunguzwa, ndiyo maana zote zimefungwa. Lakini kama mtu ametumia jina lako, mzee, hilo ni jambo dogo. Polisi wako hapo nje. Utaeleza, watapima vidole, laini utarudishiwa leo."

Vidole. Jacktone aliviangalia vyote kumi, vilevile alivyovipimisha Kenya kwa jina la Wanjala. Akavitia mfukoni.

"Wewe si ndiye Erisa?" Joanita aliuliza.

Kwenye kompyuta uso wake ulikuwa unamtazama.

"Hapana, dada," Jacktone alisema. "Huyo mtu simjui."