Chai Si Chakula

Mwaka niliokuwa nikiandika tasnifu yangu ya uzamili, akili yangu iliganda kama uji uliosahauliwa. Nilisoma ukurasa mmoja mara nne bila kuuelewa. Nilivaa sweta mbili katika jua la Embu. Nimeishi na virusi vya ukimwi miaka mingi na dawa sijazikosa. Hata hivyo niliamini kwamba sasa vimepanda kichwani, na kazi ile sitaimaliza.

Kliniki ikanipima. Virusi havikuonekana kabisa. Kilicholegea kilikuwa tezi ya thairoidi, hapa shingoni. Nikaongezewa kidonge cha kumeza kila asubuhi kabla ya kula. Nilichora jedwali: saa ya kumeza, mapigo ya moyo, kurasa nilizoandika. Baada ya wiki nane safu ya kurasa ilikuwa sufuri tupu.

Daktari aliyatazama majibu mapya, kisha jedwali, kisha mimi.

"Unameza na nini?"

"Na chai."

"Ya maziwa?"

"Daktari, mimi ni wa Meru. Kuna nyingine?"

Muuguzi aliyekuwa akipanga faili alicheka hadi akaketi. "Digrii ya pili, na 'kabla ya kula' imekushinda!"

Nilijitetea kwa makini. Kwetu Mitunguu mgeni hunywa vikombe vitatu na bado huulizwa kama amekula. Daktari, naye mzaliwa wa huku mlimani, alikiri hoja ina uzito, lakini tezi haiijui: maziwa huizuia dawa kuingia mwilini. Nimeze kwa maji, kisha ningoje saa nzima.

Niliyemwogopa ni mama, aliyekuja kuniuguza kwangu, mtaa wa Majimbo hapa Embu. Kwake, kukataa kikombe cha alfajiri ni kumkataa aliyekipika. Nilipomweleza, aliikumbatia chupa ya chai.

"Basi hata mimi nitangoja."

Tukawa tunangoja pamoja.

"Zimebaki ngapi?"

"Dakika arobaini, mama."

"Hiyo tezi ina maringo kuliko mama mkwe."

Nikavua sweta moja, kisha ya pili. Asubuhi moja mama alinigongea mlango wa chumba.

"Saa ilipita zamani! Chai inapoa!"

"Ngoja kidogo, mama. Sijamaliza huu ukurasa."

 Kisha nikamsikia akicheka peke yake jikoni, akiirudisha chai motoni.