Mama Pasi na Meza Namba Tatu

Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, kwenye ukumbi alikofanya kazi wote walimwita Mama Pasi. Mimi sikumwita hivyo hata siku moja. Nilimwita "wifi" kwa sababu nilifundishwa adabu, na yeye aliniita "mke wa kaka" kana kwamba sina sifa nyingine duniani. Tumeishi ua mmoja miaka thelathini na nane, mlango wake unautazama wangu, na sikumbuki hata wiki moja tuliyoimaliza bila kurushiana maneno. Naandika habari zake kwa sababu wako watu wanaozisimulia vibaya, na mimi nilikuwepo.

Kazi yake ilikuwa kupiga pasi meza za snuka, ule mchezo wa kusukuma mipira tunduni kwa kijiti. Mwaka ule alipoajiriwa nilimuuliza, "Wifi, kumbe meza nayo ina mikunjo?"

Akanijibu mbele ya wageni, "Michache kuliko ya shuka zako, mke wa kaka."

Ilikuwa Jumanne. Sijasahau.

Meza hizo hufunikwa kitambaa cha sufu cha kijani, chenye vinyweleo vinavyolala upande mmoja kama manyoya ya mgongo wa paka. Vinatakiwa vilale kuelekea upande unaowekwa mpira mweusi. Mpira ukienda kasi haujali, lakini ukienda polepole kwenye tundu la katikati, huvutwa kidogo kule vinyweleo vinakolala, na mchezaji wa kulipwa anajua utavutwa kiasi gani. Kila asubuhi wifi alivua viatu, akabaki na soksi nyeupe, akapiga brashi kutoka upande wa kuanzia mchezo mpaka kwa mweusi, kisha akapitisha pasi nzito njia ileile bila kurudi nyuma. Pasi aliijaribu kwanza juu ya gazeti. Gazeti likibadilika rangi, anangoja ipoe. Kazi aliiweza. Nimesema mara moja, sitarudia.

Huyohuyo ndiye aliyemfundisha mwanangu wa pekee kushika kijiti cha snuka, mimi nikidhani yuko kwenye masomo ya ufundi umeme. Nilipogundua, mtoto alikuwa ameshaharibika, yaani ameshakuwa mzuri. Akafika kuitwa mchezaji wa kulipwa. Halafu akaanza kushindwa, na mwaka ninaousema ulikuwa wa mwisho wake: lazima ashinde mechi nne za mchujo, la sivyo anafutwa kwenye orodha ya wachezaji wa kulipwa.

Mchujo si yale mashindano ya kwenye televisheni. Ni ukumbi uleule wa wifi, wenye meza nane na mapazia katikati, viti vya plastiki, na watu wanaoogopa hata kukohoa. Nilikaa kiti kilekile mechi tatu. Ya kwanza alishinda kwa shida, ya pili kwa bahati, ya tatu mpinzani wake aliumwa tumbo. Ikabaki moja. Wa kwanza kushinda fremu sita, yaani michezo sita, ndiye anayepita.

Yeye na mpinzani wake walipangiwa meza namba tatu, iliyovalishwa kitambaa kipya alfajiri ileile. Mpinzani alikuwa bwana mmoja mrefu mwenye kizibao cha zambarau. Huyo bwana alikosa mipira ambayo hata mimi ningeiingiza. Kila mpira wa polepole wa tundu la katikati ulimkataa. Mwanangu hakukosa hata mmoja. Mapumziko yalipofika, ilikuwa nne kwa sifuri.

Wifi akaja na brashi yake. Akasimama upande wa mweusi. Akaanza kupiga kutoka hapo kuja upande wa kuanzia.

Damu ikanipanda. Miaka yote hiyo nimemtazama, sijawahi kumwona akianzia kwa mweusi.

"Wifi! Unafanya nini?"

"Kaa chini, mke wa kaka."

"Unapiga kinyume! Unataka kumharibia mwanangu, sasa hivi, mbele ya macho yangu?"

"Nakuomba," akasema polepole. "Kaa."

Mwanamke huyo hakuwa amewahi kuniomba hata chumvi. Hapo ndipo ningepaswa kunyamaza. Sikunyamaza. Nilipaza sauti mpaka mapazia yote yakafunguliwa, na mwamuzi akaja. Akapitisha kiganja juu ya kitambaa, akaenda upande wa pili, akapitisha tena.

"Kitambaa kimewekwa kichwa chini miguu juu, vinyweleo vinalalia upande wa kuanzia," akasema. "Mama Pasi, ulijua?"

"Nilijua asubuhi, nilipoanza kupiga pasi."

"Na ukanyamaza?"

"Nikanyamaza."

Yule bwana wa kizibao akamgeukia mwanangu. "Na wewe ulikuwa umeambiwa?"

Mwanangu akaitazama chaki ya kijiti chake kama mtu anayesoma barua.

Fremu zote nne zikafutwa. Wakahamishiwa meza namba sita, kitambaa kimelala sawasawa, na mwanangu akafungwa sita kwa tatu. Wifi akaambiwa aache brashi na asirudi kazini. Pasi ilikuwa yake mwenyewe, akaibeba mkononi mpaka nyumbani.

Uani aliniambia, "Umeridhika, mke wa kaka?"

"Mwizi mkubwa! Ungepiga brashi kama siku zote nani angejua?"

Akanitazama kama mtu aliyetukanwa mama yake. "Kitambaa kipya? Nikisugue kinyume mpaka kiote manyoya? Mimi sijafikia huko."

Kudanganya alikuwa amefikia. Kuharibu kitambaa, hapana. Ndivyo alivyo.

Wako wanaosema nilimwangusha mwanangu kwa chuki. Waseme. Mimi nilikemea nilichokiona, na nilichokiona kilikuwa kweli. Mwanangu mwenyewe hakusema neno siku tisa. Siku ya kumi aliomba chai, kwa shangazi yake.

Mwaka uliofuata akaomba kuingia mchujo tena, safari hii kama mtu wa kawaida asiye kwenye orodha. Mtu wa namna hiyo hupewa kiti kimoja tu cha jamaa yake. Hakuniuliza. Nilijua kiti ni cha nani nilipomwona wifi akizitundika soksi zake nyeupe kwenye kamba.

Asubuhi ya mechi nilinyosha shati la mwanangu, nikalitundika mlangoni mwangu, lionekane. Wifi akavuka ua, akalishika kola kwa vidole viwili.

"Mke wa kaka, hili umelinyosha au umelikalia?"

"Wewe umefukuzwa kazi ya pasi, wifi, usije kunifundisha."

Akalichukua, akarudi nalo kwake. Sikumfuata. Nilisimama mlangoni nikasikia, ndani kwake, gazeti likikunjuliwa.