Duara la Mwalimu Domitila

Mwalimu Domitila alizaliwa Kimali, kwa watu wa ng'ombe na pamba, na hata chuo cha ualimu hakikumtoa ule ukimya wa machungani. Hakuolewa. Waliouliza sababu aliwajibu kuwa bado anafikiri, na sasa alikuwa amevuka arobaini. Katika shule ya msingi ya parokia, pale Bariadi, alishika kipindi cha dini darasa la sita.

Walipofika kwenye somo la heshima kati ya wavulana na wasichana, hakuandika kitu ubaoni. Aliwatoa uwanjani, akawapanga wavulana duara, akamweka Nyamizi katikati.

"Haya, semeni kama kaka zenu wanavyosema wakimzingira binti anayetoka mnadani."

Hilo halikuhitaji mwalimu. "Chagulaga! Chagulaga!" Chagua mmoja wetu, la sivyo hupiti. Nyamizi alijifunika uso, kisha kidole chake kikaanza kunyooka, kama kilivyonyooka zamani kidole cha Domitila mwenyewe, akimchagua yeyote yule ili tu afike nyumbani, ingawa hakuolewa naye.

"Shusha kidole," Domitila akasema. "Sema: Sichagui. Nipisheni."

Nyamizi akasema. Kazi ikabaki kwa wavulana. Kuzingira walijua, kupisha hawakujua. Kila mmoja alimngoja mwenzake aanze, asije akachekwa yeye. Domitila naye akawangoja, hadi duara likafunguka.

Jioni ile habari zikazagaa mtaani, na wazazi wakaja juu. Sista Elizabeth, mwalimu mkuu, akamwita ofisini.

"Fundisha rozari na amri kumi, Mwalimu. Wanasema unavunja mila. Wakiwahamisha watoto, tutafundisha madawati?"

"Malaika alipotumwa kwa Maria, Sista, alingoja jibu lake. Hiyo nayo ni dini."

"Usinihubirie. Wazazi watakaa kikao. Wakikukataa, kipindi nampa mwingine."

Siku ya kikao, asubuhi katika chumba cha walimu, wanaume walikaa mbele, kina mama nyuma. Mwenyekiti wa wazazi, mzee Luhende, alimsalimu kwa Kisukuma na kwa adabu zote, "Mwangaluka, mayo," yaani umeamkaje, mama, kisha akawageukia wenzake.

"Mimi mke wangu nilimpata kwa chagulaga. Tumezaa, tumelima, tumezeeka pamoja. Huyu mama yetu alikimbia duara, akaambulia chaki!"

Walicheka, hata kina mama. Maneno yale yalimwingia Domitila mahali palipokuwa na kidonda siku nyingi. Aliyaacha yaingie. Kicheko kilipokwisha, akasimama, akaenda katikati ya chumba.

"Baba Luhende, nizingireni."

"Unasemaje?"

"Nizingireni. Watoto wenu waliweza."

Wanaume walisukumana kwa mzaha, wakainuka, wakamzunguka. Luhende akapaza sauti, "Chagulaga, mayo! Wazee tupo, vijana wapo, na huyu Novatus ana ng'ombe wa kutosha!"

"Sichagui. Nipisheni."

Wakaangua kicheko tena. Hakuna aliyesogea.

"Mara ya pili, basi," Novatus akasema. "Chagulaga!"

"Nimeshajibu."

Akasimama tu, mikono chini, akiwatazama mmoja baada ya mwingine. Kicheko kikapungua, kikabaki kikohozi. Mmoja akatazama viatu vyake. Nyuma, kina mama walikuwa wameacha kucheka kabla ya waume zao.

"Sasa mayo, tutasimama hapa mpaka lini?" Luhende akauliza.

"Mimi sina ng'ombe wa kukamua, baba. Naweza kulala hapa nimesimama."

"Mpisheni, jamani," mwanamke mmoja akasema kutoka nyuma. "Si amesema hataki?"

Luhende alimtazama Novatus, Novatus akamtazama Luhende. Mwishowe mzee akasogeza mguu mmoja pembeni, kwa shingo upande, kama mtu anayefungulia zizi ng'ombe wa jirani. Domitila akapita katika mwanya ule bila kukimbia, bila kusema asante.

"Umeshinda nini sasa?" mzee akamwuliza mgongoni. "Hatujaamua bado."

"Amueni. Mkitaka niache, mje mnitoe mbele ya watoto, na muwaambie ni kwa sababu gani."

Alikuwa ameshafika mlangoni Sista Elizabeth alipoinuka. "Mwalimu, kikao hakijaisha!"

"Kipindi changu kimeanza, Sista," Domitila akasema, akashika njia ya darasa la sita.