Shemeji Alisema Kura au Kula?

Admin, naomba unifiche jina na hata kijiji, maana mambo haya bado yako kortini. Mimi ni mama wa miaka 36. Nilizaliwa Kitale, wazazi wangu ni watu waliotoka upande wa kati mwa nchi, na nimeolewa Bungoma, karibu na Myanga. Watu wa mume wangu wamenipenda tangu siku ya kwanza, na hilo ndilo linaniumiza zaidi.

Mnawajua watu wa huku na L na R zao. Mchele ni mchere, barabara ni balabala. Nilikuwa nawacheka, na wao wananicheka kwa Kiswahili changu cha Kitale.

Mwaka jana uvumi ulienea kwamba kuna kundi linalolisha vijana kiapo cha kupigana na serikali. Wakati huohuo shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alikuwa anawania uenyekiti wa mradi wa maji. Siku moja nikiwa jikoni nilimsikia nje akisema kwa simu, "Kula ni Jumamosi. Kuja na wenzako, lakini ile upande ingine wasijue."

Polisi walipokuja kuuliza, niliwaambia nilichosikia. Afisa akaniuliza, kula nini? Nikamkumbuka nyanya yangu, aliyekuwa akishusha sauti kila akitaja kile watu walichokula gizani zamani, enzi za vita vya kudai uhuru. Nikajibu, "Kiapo, labda." Hiyo labda hakuna aliyeitilia maanani. Sasa shemeji ameshtakiwa kuwa mwanachama wa kundi haramu, anaweza kufungwa miaka mingi, na shahidi ni mimi.

Kura ya maji ilikuwepo kweli Jumamosi ile. Lakini iliisha mapema, na shemeji alirudi giza limeingia, hataki kuongea wala chakula. Alikuwa ameshindwa, pengine ndiyo sababu. Pengine siyo.

Mama mkwe hajanifokea. Aliniambia tu, "Umekaa na sisi hii miaka yote na hujui vile tunaongea?" Tangu hapo usingizi umenihama. Nikiwaita watoto waje kula, naogopa sauti yangu mwenyewe.

Nikibadilisha maneno, afisa amenionya kwamba nitashtakiwa kwa kudanganya. Nisipobadilisha, na kumbe ilikuwa kura, nitakuwa nimemzika mtu akiwa hai. Na kama kilikuwa kiapo kweli, halafu nimtoe, kisha watu wauawe?

Juzi kortini nilimkaribia shemeji, askari wakiwa wanamrudisha seli. Nikamwuliza kwa sauti ya chini, siku ile ulisema nini? Akaniangalia bila hasira yoyote.

"Nilisema kula, shem," akajibu. "Si ulinisikia?"

Wakamvuta wakaenda naye. Wiki ijayo naitwa kutoa ushahidi, na hakimu ataniuliza swali hilohilo. Ndugu zangu, hasa nyinyi mlioolewa huku, nisaidieni mawazo. Nimjibu nini?